Habari mbaya inamfikia nani mapema

Kazi ya mikopo midogo hukufundisha mapema kwamba hesabu ndiyo sehemu yake nyepesi. Riba unaipiga kwa kikokotoo, ratiba ya marejesho inatoka kwenye kompyuta, mkataba umesainiwa na picha ya pasipoti imebandikwa. Wanaobaki ni watu. Mama aliyekuahidi Jumanne, na leo Alhamisi simu inaita haipokelewi. Mwenyekiti wa kikundi anayemsitiri mwenzake. Mume anayesikia habari za mkopo kwa mara ya kwanza siku wadhamini wanapobisha hodi. Nimefanya kazi hii Mwanza kwa miaka mingi, kwanza kama afisa mikopo wa vikundi vya akina mama wauza dagaa wa Mwaloni, Kirumba, na baadaye kama msimamizi wa maafisa wenzangu. Ninachotaka kukizungumzia ni kile ambacho siku hizi kinaitwa akili hisia: uwezo wa mtu kutambua anachohisi yeye na anachohisi mwenzake, kukielewa, na kukiongoza badala ya kuburutwa nacho. Naamini uwezo huo upo kweli. Nimeuona ukiokoa mtaji, na nimeuona ukiokoa ndoa. Ninachokipinga ni jinsi tunavyoupima, hasa pale kipimo kinapoamua nani aajiriwe na nani apandishwe cheo.

Kuna wakati taasisi yetu ilileta mkufunzi kutoka Dar es Salaam. Alikuwa mtu mwema na mwenye maandalizi. Tulikusanywa maafisa wa kanda nzima kwenye ukumbi wa hoteli, tukanywa chai, tukagawiwa fomu. Fomu ilikuwa na sentensi, na kila sentensi unaipa alama kuanzia 1 hadi 5. "Natambua hisia zangu zinapobadilika." "Watu wenye matatizo hupenda kuzungumza nami." "Ni rahisi kwangu kutulia ninapokasirishwa." Ukimaliza unajumlisha, na karatasi ya mwisho inakueleza wewe ni mtu wa namna gani. Alitwambia pia kwamba asilimia 80 ya mafanikio ya mtu yanatokana na akili hisia, na asilimia 20 tu ndiyo akili ya darasani. Ukumbi mzima uliandika.

Namba hiyo nimeisikia tena kanisani, redioni na kwenye semina za wajasiriamali, kwa hiyo sitaipita kimya. Mzizi wake ni kitabu cha Daniel Goleman, mwanasaikolojia wa Marekani aliyekuwa mwandishi wa gazeti la New York Times, kilichotoka mwaka 1995 na kulieneza wazo hili duniani. Goleman aliandika kwamba akili ile inayopimwa kwa vipimo vya IQ inachangia, ikizidi sana, asilimia 20 ya yale yanayoamua mafanikio ya mtu. Asilimia 80 iliyobaki aliiachia mambo mengine yote, kuanzia tabaka alilozaliwa mtu hadi bahati. Wasomaji wenye haraka wakachukua fungu zima wakalikabidhi akili hisia. Peter Salovey na John Mayer, ambao makala yao ya mwaka 1990 ndiyo iliyoliingiza wazo hili kwenye utafiti, hawakudai kitu cha namna hiyo. Na kwangu huu si ubishi wa vitabu. Ukiamini kwamba mafanikio ni suala la hisia kwa asilimia 80, basi mama aliyeuguliwa na mtoto katika wiki ambazo ziwa halikutoa kitu utamwona ameshindwa kwa sababu ya moyo wake. Utampa semina, wakati alichohitaji ni kuongezewa muda.

Turudi kwenye fomu. Katika tawi letu, aliyepata alama za juu kuliko wote alikuwa mwenzetu mmoja hodari wa kuongea, msafi, anayekumbuka majina ya wateja. Kwenye kila sentensi alijipa 4 au 5. Aliyepata alama za chini alikuwa kijana mkimya, mtoto wa mvuvi kutoka Ukerewe. Kwenye sentensi iliyosema "Ni rahisi kwangu kujua wengine wanahisi nini" alijipa 2. Nilimuuliza kwa nini. Akanijibu, "Dada, si rahisi. Mara nyingi nadhani nimeshajua, kumbe bado."

Mimi ndiye niliyekuwa nashika daftari la marejesho la tawi, na nilijua vikundi vya nani vinalipa na vya nani vinajificha. Vikundi vya kijana huyo vilikuwa vinalipa. Zaidi ya hapo, vikiwa na shida vilikuwa vinasema.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba jambo hili limechunguzwa. Mwaka 2014 David Dunning na wenzake walichapisha utafiti uliowapima watu kwa mtihani wa kweli wa akili hisia, kisha ukawauliza wanajionaje. Waliofanya vibaya kabisa ndio waliokuwa wamejikweza zaidi juu ya kiwango chao, na walipoonyeshwa matokeo wakasema mtihani una kasoro. Pia ndio waliokuwa na hamu ndogo ya kujifunza zaidi. Ukitafakari, hakuna ajabu. Uwezo unaohitaji ili ujue kwamba husomi watu vizuri ni uwezo uleule wa kuwasoma watu. Fomu ya kujijazia ni kama kujipima homa kwa kiganja chako mwenyewe: mkono na paji la uso vina joto moja, kwa hiyo unajiona mzima.

Wataalamu wanalijua tatizo hili, ndiyo maana kuna mtihani wa aina nyingine. Mayer, Salovey na mwenzao David Caruso walitoa wa kwao mwaka 2002, wenye maswali 141. Humo hakuna kujisifu. Unaonyeshwa picha za nyuso na kuulizwa zinaonyesha nini na kwa kiasi gani. Unapewa kisa cha mtu na kuulizwa hatua ipi ingemsaidia zaidi. Jibu lako linalinganishwa na majibu ya maelfu ya watu wengine, au na majibu ya wataalamu wa hisia. Watu wanapofanyiwa vipimo vyote viwili, mtihani na fomu ya kujijazia, alama zao hazifuatani sana, wakati vyote viwili vinadai kupima kitu kimoja. Wapo watafiti wanaosema fomu inapima tabia na jinsi mtu anavyojiona, nayo ina matumizi yake. Mimi nakubali. Lakini meneja anayeshika karatasi ile akiamini ameshika uwezo wa mtu ameshika kitu kingine.

Hata mtihani wenye majibu unaniachia swali: wengi wanaoamua jibu sahihi ni wengi wa wapi? Huku kwetu Usukumani binti aliyelelewa vizuri anapomsalimia mkubwa hupiga goti na kuinamisha macho. Mgeni ataona aibu au hofu, sisi tunaona adabu. Mwaka 2020 Maria Gendron na wenzake walichapisha utafiti walioufanya hapahapa Tanzania, kwa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi. Waliwasomea visa vifupi na kuwataka wachague picha ya uso unaolingana na kila kisa. Wahadzabe hawakuchagua kama inavyotarajiwa na wale wanaoamini kwamba uso mmoja una maana moja dunia nzima. Watu hao wanaishi kwa kutegemeana kila siku. Hakuna mwenye haki ya kusema hawajui hisia za wenzao. Kilichopungua kilikuwa kwenye picha: uso umekatwa ukatolewa kwenye maisha yake.

Na hapo ndipo Mwaloni uliponifundisha zaidi ya ukumbi wowote.

Asiyepajua Mwaloni afikirie ufuko uliojaa magunia. Maboti yanashusha dagaa kutoka visiwani, wapagazi wanapita wakipiga kelele upishe njia, wafanyabiashara wa Congo na Rwanda wanakagua mzigo, na chini, juu ya maturubai, akina mama wamekaa wamenyoosha miguu wanachambua. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali taa haiwavuti, na maboti mengi hupumzika mpaka giza lirudi. Kwa hiyo kila mwezi kuna siku ambazo mzigo unakuwa haba, bei inapanda na mtaji unakaa bure. Ratiba ya marejesho haijui mwezi. Afisa anayejua mwezi uko wapi ameshajua nusu ya hali ya soko kabla hajamwangalia mtu usoni.

Kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa amekosa marejesho mawili mfululizo. Afisa wa kwanza kumfuata alikuwa yule mwenzetu wa alama za juu. Alisimama mbele ya turubai, akamwambia kwa sauti nzuri kabisa, "Mama, naelewa unavyojisikia, lakini mkataba ni mkataba." Mama aliendelea kuchambua bila kuinua kichwa. Kwenye fomu ya ufuatiliaji yakaandikwa maneno mawili: mteja jeuri.

Wiki iliyofuata nilikwenda na yule kijana wa Ukerewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Hakutaja rejesho. Alichuchumaa, kisha akakaa kwenye ukingo wa turubai na suruali yake ya kazini, akaanza kuokota vikonokono na mawe madogo kutoka kwenye rundo. Nilibaki nimesimama pembeni najifanya naongea na simu. Ilipita kitambo.

"Hawa wa wapi, mama?"

"Goziba."

"Wana mchanga sana."

"Walianikwa chini. Wa kwenye chanja nitawanunua na nini?"

Kijana akanyamaza. Mimi sikuwa nimeelewa, yeye alikuwa ameelewa. Dagaa walioanikwa kwenye chanja ni safi na bei yake ni ya juu. Walioanikwa mchangani ni wa bei ya chini, na wengi huishia kwenye chakula cha kuku. Mama huyu, kwa kumbukumbu za mkopo wake, alikuwa mfanyabiashara wa dagaa wa chanja. Kama sasa anachambua wa mchanga, mtaji umekwenda mahali.

"Mama," akamwambia taratibu, "mtaji umeliwa na nini?"

Mikono ya mama ilisimama. Aliangalia huku na huku kwanza, kuona shoga zake wako umbali gani. Halafu akasema, "Mwanangu, nina kausha damu wawili."

Msomaji wa Tanzania hahitaji kuelezwa kausha damu ni nini: mikopo ya haraka, ya riba ya kila siku au kila wiki, ambayo ukichelewa wanabeba kochi na televisheni mbele ya majirani. Mama alikuwa amekopa huko ili alipe rejesho letu wakati wa mbalamwezi, kisha akakopa kwa mwingine ili amlipe wa kwanza. Hakuwa jeuri hata kidogo. Alikuwa na aibu nzito ambayo haikumruhusu kuinua kichwa, na hofu kwamba wenzake wa kikundi, ambao ndio wadhamini wake, wangejua. Mwenyekiti aliitwa faragha, ratiba ikapangwa upya, kikundi kikambeba kwa muda kwa utaratibu wao wenyewe. Mkopo huo ulikwisha. Ulichelewa, lakini ulikwisha.

Nimelirudia tukio hili kichwani mwangu mara nyingi, na kila mara naona kwamba kijana hakusoma uso, kwa sababu uso wenyewe ulikuwa umeinama. Alisoma mchanga kwenye dagaa. Alijua kazi ya yule mama kiasi cha kujua mchanga una maana gani, na alikuwa na subira ya kukaa chini mpaka swali lake lisiwe shambulio. Hakuna sentensi kwenye fomu ya mkufunzi ambayo ingekamata kitu hicho. Alipoulizwa kama ni rahisi kwake kujua wengine wanahisi nini, alijibu kwa uaminifu kwamba si rahisi, na ndiyo maana hukaa chini.

Tangu hapo nikaanza kupima kwa namna yangu. Kila Jumatatu kwenye kikao cha asubuhi nawauliza maafisa swali moja: wiki iliyopita, nani alipigiwa simu kabla ya siku ya rejesho? Mama anayemwamini afisa wake atapiga Jumapili jioni aseme, "Dada, kesho sitakuwa nayo." Anayemwogopa au kumdharau atazima simu, na habari itakufikia siku ya tatu, ikiwa imeshaoza. Habari mbaya ikimfikia mtu mapema, huyo ana kitu. Nililiandika hilo kwenye daftari, safu moja tu ya ziada, na baada ya muda safu hiyo ikawa inanieleza mambo kuliko vyeti vya semina.

Meneja mmoja alinipinga, na hoja yake ilikuwa na uzito: afisa mlegevu naye hupigiwa simu sana, kwa sababu wateja wanajua atakubali kila udhuru. Ni kweli. Kwa hiyo safu ile haisomwi peke yake, inasomwa pamoja na ya marejesho. Anayepigiwa mapema na vikundi vyake vikalipa ndiye ninayemtafuta. Tukaongeza na jambo la pili. Mara moja kwa msimu afisa wa eneo lingine anakwenda kuzungumza na wenyeviti wa vikundi, bila mwenye vikundi kuwepo, na kuwauliza: akifika kwenye mkutano, nyie mnazungumza au mnanyamaza? Si uvumbuzi wetu. Goleman na Richard Boyatzis walitengeneza kipimo ambacho wanaojibu juu yako ni wakubwa wako, wenzako na walio chini yako. Sisi tumeongeza wale wanaobeba uzito wa mikono yetu moja kwa moja, yaani wateja.

Je, uwezo huu una faida kwa kila kazi? Hapana, na hili wakufunzi hawapendi kulisema. Mwaka 2010 Dana Joseph na Daniel Newman walikusanya tafiti nyingi zilizokwishafanywa na kuzipima kwa pamoja. Akili hisia ilionyesha faida kwenye kazi zinazomdai mtu aongoze hisia zake mbele ya watu muda wote. Kwenye kazi zisizo na mzigo huo, faida hiyo haikuonekana. Yule mwenzetu wa alama za juu leo yuko kitengo cha mikopo ya watumishi, ambako makato yanatoka moja kwa moja kwenye mshahara na kinachotakiwa ni usahihi wa nyaraka na kauli nzuri dirishani. Anafanya kazi bora kabisa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amewekwa mahali ambapo fomu ilisema anafaa.

Lakini kuna jambo linalonisumbua kuliko fomu mbovu. Ni pale kipimo kinapokuwa sahihi na mtu akawa na uwezo kweli, kisha akautumia kuumiza. Nilimfahamu mkusanyaji madeni mmoja, wa taasisi nyingine, ambaye alikuwa anawasoma watu kuliko mtu yeyote niliyepata kufanya naye kazi sokoni. Alijua mama yupi anaogopa mkwewe na yupi anaogopa mchungaji. Alikuwa anasubiri siku ya ugeni, mama mkwe amekaa sebuleni, ndipo anabisha hodi na kutaja deni kwa sauti. Alilipwa. Mpe ule mtihani wa maswali 141 na nina hakika atafaulu. Programu za mikopo za kwenye simu nazo zimejengwa juu ya ujuzi huohuo: ukichelewa, ujumbe unatumwa kwa watu walio kwenye simu yako, shangazi, bosi, mzazi mwenzio, kwa sababu aliyeiunda anajua aibu inakaa wapi. Mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu za mikopo zinazofanya kazi bila leseni, na akina mama wengi wa vikundi vyetu walizitambua papo hapo kwa majina.

Kwa hiyo mtu akiniambia anaajiri kwa kuangalia akili hisia, namuuliza anaangalia na nini kingine. Kujua mwenzako anaumia wapi ni uwezo. Utafanya nini na maarifa hayo ni malezi, na hakuna mtihani niliouona unaopima malezi.

Halafu kuna gharama, ambayo humwangukia afisa mwenyewe. Mwaka 1983 mwanasosholojia wa Marekani Arlie Hochschild aliandika juu ya watu wanaolipwa ili wahisi, au waonyeshe kwamba wanahisi, kile ambacho mwajiri anakitaka. Alichagua makundi mawili: wahudumu wa ndege, ambao kazi yao ni kutabasamu, na wakusanya madeni, ambao kazi yao ni kutotabasamu. Nilipoisoma habari hiyo niliwaona maafisa wangu wakiwa kwenye makundi yote mawili kwa siku moja. Saa tatu asubuhi unamsifia mteja mpya. Saa tano unamkazia macho aliyechelewa. Saa nane unapokea matusi ya mume wa mtu, na huruhusiwi kujibu.

Dawa tuliyolelewa nayo ni kujikaza. Mwanamke jikaze, mwanaume jikaze zaidi. Mwanasaikolojia James Gross wa Marekani amechunguza kujikaza kwa miaka mingi. Katika majaribio aliyoyafanya na Robert Levenson, watu walionyeshwa filamu ya kuchefua, na wengine wakaambiwa wasionyeshe chochote usoni. Nyuso zilitulia kweli, lakini ndani mwili ulizidi kufanya kazi. Katika utafiti mwingine, yeye na Jane Richards waliona kwamba anayebana uso wake anakumbuka kidogo zaidi yale yaliyosemwa wakati amebana. Hili la kumbukumbu ndilo lililonigusa. Afisa anayejikaza mbele ya mama anayelia anatumia nguvu zake zote kwenye uso wake mwenyewe, na maneno ya mama yanampita. Jioni ukimuuliza mteja alisema nini, atakwambia, "Alikuwa analalamika." Alilalamika nini? Hakumbuki.

Kinachosaidia zaidi, kwa mujibu wa tafiti za Gross, ni kulitazama jambo upya kabla moto haujawaka. Kwa lugha ya Mwaloni, ni kujiuliza mwezi uko wapi kabla hujamwita mtu jeuri. Maafisa wanaojiuliza hivyo nimewaona wakitoka sokoni jioni wamechoka miguu tu.

Nyumbani kwangu, Nyakato, jambo hili lilipata sheria yake kutoka kwa mama mkwe, ambaye hakusoma saikolojia popote. Alipokuja kuishi nasi aliona ninavyorudi: sauti imebaki kazini, kilichoingia ndani ni mwili. Akaweka utaratibu kwamba anayetoka kazini haulizwi habari ya hela wala ya watoto mpaka aoge, ale. Mume wangu ni mwalimu, naye akaingizwa humohumo. Baada ya chakula mama anauliza swali moja, "Haya, leo nani kakuudhi?" na anasikiliza bila kutoa ushauri. Dakika chache tu. Sijui kitu kilichoilinda nyumba yetu kuliko hizo dakika.

Binti yetu naye alinufaika. Akiwa kidato cha pili alirudi siku moja, akakataa kula. Baba yake akadhani ana hasira na mwalimu, akaanza kupanga kwenda shule kesho yake kudai maelezo. Mama mkwe akamtuma nje, akamwita mtoto jikoni, wakawa wanatoa mawe kwenye mchele.

"Una hasira?"

"Sina hasira, bibi. Wamenicheka."

Hasira ingetaka baba aende shule. Aibu haikutaka hivyo, na baba angekwenda ingezidi. Mtoto alichohitaji usiku ule ni kulala kitanda kimoja na bibi yake, na ndivyo ilivyokuwa. Kosa la kutofautisha mambo hayo mawili linafanyika kila siku majumbani mwetu na makazini mwetu, na watu wenye nia nzuri kabisa.

Fomu za mkufunzi bado zipo. Kila mwaka zinakuja, na sizikatai. Tulichokubaliana na makao makuu ni kwamba kwa tawi letu alama zake haziingii kwenye faili la mtumishi. Afisa anazijaza, kisha tunakaa wawili tunazipitia pamoja na majibu ya wenyeviti wa vikundi. Pale anapojipa 5 na wenyeviti wanasema "tunanyamaza," hapo tuna la kuzungumza. Wapo wanaokasirika wakasema wenyeviti wana chuki. Wapo wanaorudi baada ya siku mbili wakauliza, "Dada, kikundi gani hicho?" Hao wa pili ndio ninaowatuma sokoni na yule kijana wa Ukerewe, ambaye sasa ana vikundi vingi kuliko wote, na bado anajipa 2.

Mwaka huu tumeongeza swali kwenye mazungumzo hayo, linalomhusu afisa mwenyewe: wewe ukiwa na siku mbaya, unamwambia nani? Wengi waliacha wazi. Kwa hiyo Ijumaa mchana, baada ya kufunga hesabu, mlango wa tawi unafungwa kwa nusu saa, chai inaletwa, na kila mmoja anasema wiki ilimpitaje. Meneja ameturuhusu mpaka mwisho wa mwaka wa fedha, kisha atalinganisha na marejesho.